Kuku wanne, walezi wawili

Nyaya za umeme zinazotoka Inga hukata karibu kilomita 1,700 za nchi kabla ya kufika Kolwezi. Zilivutwa kwa ajili ya migodi ya shaba, zikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa juu ya mto Lualaba miaka ya 1950, yako jirani kabisa. Pamoja na hayo, mwenye parseli Manika au Dilala, hapa Kolwezi, anaijua delestaji: taa huzimika jioni, na hakuna wa kukuambia zitawaka saa ngapi. Ndiyo maana sina moyo wa kumshauri mama mwenye kuku watano anunue mashine ya kutotolea mayai. Usiku mmoja wa baridi ya Juni bila umeme unatosha kumharibia mayai ya mwezi mzima. Kuku wa kienyeji hukaa juu ya mayai yake siku 21, akiyapa joto la karibu nyuzi 38, akiyageuza mwenyewe usiku na mchana, na gharama yake ni konzi ya mahindi na kopo la maji.

Hilo wengi wanalijua. Linalopuuzwa hata na wafugaji wazoefu wa Kapata, Luilu na Musonoi ni hili: kuatamia kuku wetu anakuweza vizuri sana, lakini muda wake mwingi unaliwa na malezi, na vifaranga vinafia mikononi mwa malezi hayohayo. Na malezi tunamwachia kila kuku peke yake, na watoto wake tisa, kwa miezi miwili au mitatu, kana kwamba hakuna namna nyingine.

Tufanye hesabu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha huatamia wiki tatu. Vikianguliwa, hutembea na vifaranga wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuanza kuvidonoa na kuvifukuza. Jumla ni wiki 14 hadi 18, yaani raundi tatu kwa mwaka. Kila raundi mpe mayai 12, yaanguliwe tisa au kumi, na hapo kuku mzuri hufika bila taabu. Kwa mwaka una vifaranga 28 hivi. Halafu nusu na zaidi hufa kabla ya kutimiza miezi miwili, kama ilivyo kawaida ya kuku wanaojitafutia riziki vijijini kote Afrika Mashariki na ya Kati. Unabaki na 12 au 13. Toa kuku wa mgeni, toa wa msiba, toa wa mtoto aliyefaulu mtihani. Cha kupeleka sokoni hakipo.

Sasa zitazame zile wiki zenyewe. Kutaga tatu, kuatamia tatu, kulea kumi. Kuku wanne wakiatamia kila mmoja kwa wakati wake, utakuwa na walezi wanne, vikundi vinne vya vifaranga vya umri tofauti vikigombania chenga moja, na kuku wanne wasiotaga kwa miezi. Lakini wakianza kuatamia siku moja, kila mmoja mayai 11, wataangua kwa pamoja vifaranga 34 au 35. Wagawie walezi wawili, kila mmoja 17 hivi. Wale wawili waliobaki, wakipelekwa mbali na sauti za vifaranga na kulishwa vizuri, hurudi kutaga baada ya wiki mbili hadi nne. Kwao mzunguko wote unashuka hadi wiki nane hadi kumi. Katika mwaka huohuo, kwa kuku walewale, umepata karibu raundi mbili za ziada kwa kila aliyeachiliwa. Hukununua mashine wala hukuongeza kuku.

Ugumu wa kwanza ni kuwafanya wakubaliane siku. Kuku hawapangi pamoja. Mmoja ataanza kuatamia Jumatatu, mwingine Ijumaa. Hapa mfugaji anatumia jambo ambalo maumbile yamempa. Homoni ya prolaktini ikishapanda mwilini mwa kuku, haachii kiota kirahisi, na hana namna ya kujua kama mayai aliyokalia ni ya kweli. Kwa hiyo yule aliyeanza mapema mwachie mayai matatu ya zamani, hata viza, akae juu yake huku ukiwasubiri wenzake. Usimsubirishe zaidi ya wiki moja, kwa sababu kuku anayeatamia hula kidogo na hukonda, na bado ana siku 21 mbele yake. Wakikamilika wanne, au hata watatu, giza likishaingia toa yale ya uongo na uwawekee mayai mazuri kwa usiku mmoja. Usiku kuku hana ubishi.

Mayai hayo mazuri yanatoka wapi, nalo ni jambo la kuangaliwa. Trei za mayai zinazopanda malori kutoka Zambia, zikapitia Kasumbalesa na Likasi hadi masoko ya Kolwezi, ni za kukaanga. Kuku waliotaga mayai yale hawakuwahi kuona jogoo. Nimewaona watu wakimwekea kuku mayai 12 ya trei na kungoja wiki tatu nzima. Yai la kuatamia ni la kuku wako au wa jirani, mwenye jogoo mmoja kwa kuku wanane hadi kumi, na halijazidi siku saba tangu litagwe. Likifika siku kumi bado linaweza kuangua, lakini matumaini yanapungua kila kukicha. Lihifadhiwe mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini, mbali na jiko. Usilioshe, ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Lenye ufa, refu kupita kiasi, duara kama mpira au la kwanza kabisa la mtamba, liliwe.

Kila yai litiwe alama ya penseli kabla ya kuwekwa. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini bila alama utapotea, kwa sababu kuku wengine hupenda kumfuata anayeatamia na kumtagia ndani ya kiota. Baada ya siku tano una mayai 17 chini ya kuku anayeweza kufunika 12, yale ya pembeni yanapoa kwa zamu, na mwisho wa safari unaangua sita na kutupa kumi na moja. Kila jioni, kuku akitoka kula, lisilo na alama liondoke.

Siku ya saba, pima kwa mwanga. Kolwezi hakuna haja ya kifaa cha duka: torchi ya kichwani ya mchimbaji, ile inayoshuka naye shimoni, inatosha. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa tundu dogo kuliko yai, liweke juu ya torchi ndani ya chumba chenye giza, kisha liegeshe yai tunduni kwa upande wake mpana. Yai lililoshika utaliona lina doa jeusi, na mishipa myekundu imetambaa kulizunguka mfano wa miguu ya buibui. Ukitulia, doa lenyewe hucheza. Lisiloshika huwaka lote, jeupe na safi, na hilo bado linaliwa. La tatu lina pete ya damu kuzunguka ndani ya ganda, bila mishipa. Hilo lilianza likafa, na litaoza. Ukiliacha linaweza kupasuka na kuyachafua mengine. Fanya haraka, kuku mmoja baada ya mwingine, mikono ikiwa safi. Na hapa faida ya kuwaatamisha pamoja inaonekana kabla hata ya kuangua: ikiwa kwa wanne umeondoa mayai 11 yasiyoshika, yaliyobaki yanawatosha watatu, na wa nne unamwachilia siku hiyohiyo arudi kutaga.

Kuanzia siku ya 18 weka mikono mbali. Kifaranga anajigeuza ndani, anatafuta chumba cha hewa, na mama anamsikia. Miezi ya kiangazi, hewa ya nyanda hizi hukauka mpaka midomo ya watu inapasuka, na utando wa ndani ya yai nao hukauka ukamgandia kifaranga. Nyunyizia maji ya uvuguvugu kwenye udongo kandokando ya kiota, usinyunyizie mayai. Ndiyo sababu napenda kiota chenye udongo chini: beseni kuukuu au kikapu kipana kama sentimita 35, tabaka la udongo uliochekechwa, juu yake nyasi kavu, na majivu ya jikoni kuzuia utitiri. Utitiri ndio unaomfanya kuku mzuri aache mayai siku ya kumi na sita, na mwenye kuku akadhani amerogwa. Pitisha kidole chini ya nyasi. Kikitoka na vidoadoa vyekundu vinavyotembea, badilisha nyasi zote usiku uohuo.

Kukabidhi vifaranga kwa walezi ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiogopa, na ni nyepesi mradi usikosee wakati. Kifaranga hutoka ndani ya yai akiwa amevuta kiini chote tumboni, na chakula hicho kinamtosha siku mbili na zaidi. Hana haraka ya kula. Anachohitaji ni joto. Kuku naye, katika siku mbili za kwanza baada ya kuangua, bado hajakariri watoto wake. Basi usiku huo wa kwanza au wa pili, bila taa, toa vifaranga vya kuku wawili, uvipenyeze mmojammoja chini ya mabawa ya walezi. Asubuhi wataamka familia moja. Ukisubiri siku ya nne, mama ameshawajua wake, na mgeni atadonolewa kichwani mpaka afe.

Walezi uwachague kwa walichokwisha kufanya. Kuku mpana, mzito, aliyewahi kulea na kufikisha wengi, anayemrukia mwewe badala ya kukimbia, huyo ndiye. Mtamba aliyeatamia kwa mara ya kwanza umwachilie akatage. Na idadi iende na majira: Septemba kuku mkubwa hubeba vifaranga 18 au 20, penye baridi usimzidishie 13, kwa sababu kifaranga wa wiki ya kwanza hawezi kujipatia joto lake mwenyewe, na yule anayebaki nje ya bawa saa kumi za alfajiri hamalizi siku. Nyanda za Kolwezi ziko juu, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 na pengine chini yake. Wapo wanaovitoa vifaranga kwa mama siku ya kwanza na kuvilea kwenye boksi lenye mbabula, yaani jiko la makaa. Kwa mwenye kufuga mamia, sawa. Kwa parseli ya kawaida sikubaliani nalo: makaa yamepanda bei, moshi wa mbabula ndani ya chumba kilichofungwa unaua vifaranga na watu, na mtu wa kuamka usiku kuongeza moto ni yuleyule mama anayekwenda sokoni alfajiri.

Majira ninayapa uzito mkubwa kuliko watu wengi wa kazi yangu. Wengi huatamisha kila kuku anapotaka. Matokeo yake ni vifaranga vinavyoanguliwa katikati ya Juni kwenye baridi, au Januari kwenye matope, wakati mvua inanyesha kila siku na debe la mahindi limefika bei ya juu kabisa. Kwa mkoa wetu wa Lualaba naona madirisha mawili. La kwanza ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili: mvua zinaaga, mahindi mapya yanaingia, na vifaranga vinavyoanguliwa mwisho wa Aprili vina manyoya kabla ya baridi kukaza. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano, sita au zaidi kufikia uzito wa kuuzika, kwa hiyo hao watakuwa tayari kwa Noeli na mwaka mpya, wakati kuku anapanda bei kuliko siku nyingine zote. Anayeshtuka Julai kwamba Desemba inakuja ameshachelewa. Dirisha la pili ni Agosti: vifaranga vya Septemba vinapata joto, na mvua za kwanza za Oktoba zikifungua vichuguu, vina umri wa kukimbiza kumbikumbi.

Na vichuguu tumejaliwa. Misitu ya miombo ya Katanga ina vichuguu virefu kuliko nyumba, na ndani yake kuna chakula ambacho hakuna duka linalouza kwa bei hiyo. Kifaranga anahitaji protini wiki nne za kwanza kuliko wakati mwingine wowote, na unga wa mahindi peke yake haumpi. Jioni, chukua ndoo kuukuu au chungu kilichopasuka, kijaze mabua na pumba zilizoloweshwa, kifudikize juu ya tundu la mchwa, weka jiwe. Alfajiri kifunue kabla jua halijawarudisha chini, kimejaa. Watoe askari wakubwa wenye vichwa vyekundu, wanauma, kisha wamwagie vifaranga waliobaki. Penye uhaba wa mchwa, samaki wadogo wa ndakala waliopondwa wachanganywe na chenga laini.

Wiki tatu za mwanzo, mama akae ndani ya tenga kubwa, vifaranga vikipita kwenye matundu kwenda na kurudi. Mwewe, paka wa jirani na mtaro wa maji huua zaidi ya ugonjwa katika siku hizo. Baada ya hapo ndipo ugonjwa unapochukua nafasi, na wa kwanza ni mdondo, ambao waganga wa mifugo wa hapa huuita kwa Kifaransa pseudo-peste. Mara nyingi huja kiangazi kikali kabla ya mvua, na ukiingia kwenye avenyu unaweza kufagia mabanda yote kwa wiki moja. Kuku aliyechanjwa kabla ya kutaga humpitishia kifaranga kinga kupitia kiini, ikamlinda siku zake za mwanzo, na baadaye kifaranga achanjwe mwenyewe. Kwa hiyo chanjo inakuja kabla ya kuatamisha. Chanjo nyingi, LaSota mojawapo, zinadai ubaridi tangu kiwandani hadi jichoni mwa kuku, na friji nayo inategemea umeme uleule. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilitoa mbegu ya chanjo iitwayo I-2 inayovumilia joto zaidi; Tanzania huitengeneza yenyewe, na Msumbiji wameitumia miaka mingi vijijini. Ni tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne. Naona ni wajibu wa wakuu wa mkoa wetu, uliozaliwa 2015 katika mgawanyo wa Katanga, kuhakikisha chanjo ya namna hiyo haikosekani Kolwezi, Fungurume na Mutshatsha.

Ng'ombe hatuna wengi, na mashamba ya mahindi ya pembezoni yanazidi kumezwa na migodi. Kampuni ya migodi ya serikali, Gécamines, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari mwaka 2003 na 2004, familia zilizozoea gunia la unga la kampuni kila mwezi zilijikuta na parseli na mikono yao tu. Kwa nyumba nyingi kuku ndiye benki iliyobaki, na hadi leo ndiye anayelipa karo ya muhula wakati mshahara haujatoka au shimo halijatoa kitu. Ninaposema kuku wawili waachiliwe warudi kutaga, fedha ya muhula ndiyo iliyo akilini mwangu.

Udongo wetu nao una habari yake. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao wa Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi ndani ya vumbi la majumbani, na ndani ya mkojo wa wakazi, watoto wakiwa wameathirika zaidi. Kuku huchakura udongo huohuo na kuoga vumbi hilohilo, kisha anakwenda kulalia mayai. Kwa hiyo penye mashimo au palipooshewa madini, kuku anayeatamia na vifaranga wake wafungiwe sehemu iliyomwagwa mchanga safi, wapewe sanduku la majivu ya kuogea, na maji yao yatoke kwenye bomba au kisima kinachonyweka, kamwe yasichotwe kwenye mifereji inayoshuka kutoka migodini. Mtu akila yai, anakula alichokula kuku.

Lililobaki ni la majirani. Chupa moja ya chanjo huja na dozi mia moja au zaidi, na ikishafunguliwa haingoji kesho. Mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake, lakini watu wa nyumba kumi za avenyu moja wanaweza kuchanga, wakakubaliana siku, wakazunguka banda hadi banda asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Siku hiyohiyo wabadilishane majogoo, kwa sababu jogoo aliyekaa miaka mitatu ameshawapanda binti zake, na mayai yasiyoshika huongezeka kila raundi. Jogoo mpya akiingia, toa nafasi ya wiki mbili hadi tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamisha, maana mbegu ya yule wa zamani hudumu ndani ya kuku muda huo. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka dirisha la Machi, siku ya kuchanja na kubadilishana majogoo inaangukia Februari, na dirisha la Agosti linataka kazi hiyo ifanyike mwanzoni mwa Julai.